Nyimbo za Dunia Mlangoni mwa Kanisa

Kenya ilipokuwa ikijiandaa kupokea uhuru mwaka 1963, watu watano walipewa kazi ya kuitafutia nchi wimbo wa taifa. Walikuwa Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Mchungaji Thomas Kalume. Tuni waliyoichagua ilitoka kwa Wapokomo wa bonde la Mto Tana, nayo ilikuwa ya wimbo ambao mama humwimbia mtoto mchanga ili anyamaze na kulala. Aliyetambuliwa kuwa ndiye mwenye tuni hiyo ni Meza Moroa Galana. Juu ya tuni yake wakapanga maneno ya sala, na usiku wa kuamkia 12 Desemba bendera mpya ikapandishwa kwa wimbo huo. Tangu siku hiyo Wakristo wa Kenya wamekuwa wakimwomba Mungu, wamesimama wima, kwa sauti ya mama wa Kipokomo anayebembeleza mwanawe.

Siku nane tu kabla ya hapo, tarehe 4 Desemba 1963, maaskofu Wakatoliki waliokusanyika Roma kwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walipitisha hati yao kuhusu liturujia. Kifungu cha 119 kinasema kwamba katika nchi za misheni wako watu wenye mapokeo yao ya muziki, kwamba mapokeo hayo yana nafasi kubwa katika dini na maisha yao, na kwamba yapewe heshima yanayostahili. Mwaka huohuo padri wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Yeye mwenyewe alikuwa mtunzi, na Misa Baba Yetu ni kazi ya mkono wake.

Kwa hiyo mwaka 1963 ni mahali pazuri pa kusimama ili kutazama nyuma na mbele. Katika makusanyiko mengi ya Afrika Mashariki, hadi leo, aliyeokoka hutarajiwa kuziacha "nyimbo za dunia" kama anavyoiacha pombe. Lakini ukifuatilia historia, unakuta mlango kati ya kanisa na dunia haujawahi kufungwa. Nyimbo zimepita kwenda na kurudi muda wote, na kanisa limetajirika kwa hilo kuliko linavyokiri.

Wamisionari wenyewe walileta mfano mzuri bila kuutaja. Ijumaa Kuu, katika makanisa ya Kilutheri ya Kilimanjaro, waumini huimba ule wimbo wa polepole wa kichwa cha Yesu kilichovikwa miiba. Ni vigumu kuusikia bila moyo kuinama. Tuni yake ilitungwa na Hans Leo Hassler, Mjerumani, na ilipochapishwa mwaka 1601 maneno yake yalikuwa ya mwanamume aliyechanganyikiwa kwa mapenzi ya msichana. Miaka michache baadaye ikawekewa maneno ya dini, kisha Paul Gerhardt akaipa maneno ya mateso ya Kristo mwaka 1656, na Johann Sebastian Bach akairudia mara kadhaa katika Mateso ya Yesu kadiri ya Mathayo. Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, tuni hiyo ilikuwa katika mizigo yao, imeshasahau ilikotoka.

Luther mwenyewe hakuona haya kuazima. Wimbo wake maarufu wa Krismasi, ule wa malaika anayeshuka kutoka juu na habari njema, aliujenga juu ya wimbo wa mafumbo ambao vijana waliuimba mitaani wakishindana. Bach naye, alipokuwa akiandaa oratorio yake ya Krismasi ya mwaka 1734, alichukua muziki aliokuwa ameutunga kwa ajili ya sherehe za kuzaliwa za watu wa nyumba ya mfalme huko Saksonia, akaubadilishia maneno. Ngoma na tarumbeta zilizomsifu malkia zikamsifu mtoto wa horini.

Na kabla yao wote yupo Mtume Paulo. Aliposimama Areopago mjini Athene, hakufungua torati mbele ya watu wasioijua. Aliwanukulia mshairi wao. Maneno yale ya Matendo 17 kuhusu sisi kuwa uzao wake yanatoka kwa Arato wa Kilikia, mkoa ule ule alikozaliwa Paulo, na katika shairi lake yalimhusu Zeu. Paulo aliyajua kwa moyo. Mtu hajui mstari kwa moyo kama hajawahi kuusikiliza kwa makini.

Hata hivyo wamisionari wengi waliofika Afrika Mashariki hawakuwa na masikio ya namna hiyo kwa ngoma walizozikuta. Walisikia ngoma usiku wakadhani wanaisikia dini ya mizimu, na mara nyingine ndivyo ilivyokuwa kweli, kwa sababu katika jamii nyingi ngoma ya mavuno, ya tambiko, ya unyago na ya furaha tu hazikutenganishwa kwa ukuta. Badala ya kuchambua, wengi waliona ni rahisi kupiga marufuku zote. Mkristo aliyeonekana uwanjani aliitwa mbele ya wazee wa kanisa na kuzuiwa meza ya Bwana. Wachache walijaribu njia nyingine. Huko Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, aliliingiza jando ndani ya maisha ya kanisa, akaacha vijana wapitie mafunzo ya kimila wakiwa na padri pembeni yao. Alilaumiwa sana, na alisifiwa pia.

Pwani mambo yalikwenda kwa kasi yake. Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na vijana wake walifundishwa ala za shaba pamoja na tenzi za kanisa. Kutoka katika mazingira hayo ya bendi za misheni na za askari ikazuka beni, ngoma ya gwaride na mashindano iliyoenea pwani yote, kisha ikaingia bara na askari wa Vita Kuu ya Kwanza. Miaka ya 1920, tena Mombasa, vijana waliosoma misheni wakaanza dansi: suti, gauni, waltzi na foxtroti, kodiani na gitaa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 juu ya beni, anaonyesha kwamba dansi ilianza kama starehe ya Wakristo wasomi. Shule za misheni ziliwafundisha kusoma, kuvaa na kuimba kwa sauti nne. Jumamosi usiku waliyapeleka mafunzo hayo ukumbini.

Kufikia mwaka 1932 Dar es Salaam nayo ilikuwa na bendi yake, Dar es Salaam Jazz. Muziki wa dansi, ambao wahubiri wa baadaye wangeukemea kwa jina la Yesu, ulizaliwa kwa sehemu kubwa nyumbani mwa kanisa.

Mahali ambapo suala hili lilichukua sura ya pekee kabisa ni Usukumani. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana tangu karne ya 19, na kila kimoja kinamkumbuka mwanzilishi wake, Ngika kwa upande mmoja na Gumha kwa upande wa pili. Mashindano yao hayana jaji mwenye karatasi. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huenda wanakovutwa. Kikundi kikionyesha jambo jipya, umati hukimbia upande huo vumbi likitimka. Kikundi cha pili kitajibu kwa jambo lake, umati utarudi. Mwenye watu wengi mwisho wa siku ndiye mshindi. Ndiyo maana waganga wa ngoma walikuwa watu muhimu, kwani dawa ya kuvuta watazamaji ilihesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi kama ngozi ya ngoma yenyewe. Bagalu wana bugobogobo, ngoma ya majembe, iliyotoka katika kulima kwa pamoja: ngoma kubwa hulia, wachezaji huinama na kuinuka na majembe yao kama wako shambani, huyarusha juu na kuyadaka. Wapo pia Bayeye, wanaocheza na chatu mabegani, na chama cha wawinda nungunungu.

Mmisionari wa kawaida angeona hapo dawa, nyoka na kelele. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, aliona kazi, nidhamu, ushairi na umoja wa watu. Katika miaka ya 1950 alianza kujenga Bujora, huko Kisesa, mwendo mfupi kutoka Mwanza kwenye barabara ya kwenda Musoma. Kanisa lake likajengwa kwa umbo la duara la nyumba ya Kisukuma, na alama za utawala wa watemi zikatumika kumtambulisha Kristo aliye mfalme. Kando yake kikakua kijiji cha makumbusho, chenye banda lililojengwa kwa sura ya kiti cha enzi, lenye ngoma za watemi, na banda jingine kwa ajili ya vyama vya ngoma. Historia ya Bagika na Bagalu inasimuliwa hatua chache tu kutoka altareni.

Jambo kubwa zaidi ni Bulabo. Kila mwaka, mwezi Juni, sikukuu ya Ekaristi Takatifu huleta maandamano ya Sakramenti na maua, na baada yake vyama vya ngoma hushindana mbele ya maelfu ya watu. Hapa kanisa halikuchukua tuni ya Bagalu na kuiwekea maneno ya Zaburi. Liliwaacha Bagalu wacheze ngoma ya Bagalu. Majembe yalibaki majembe na nyoka akabaki nyoka. Padri aliketi kutazama kama wengine. Hilo ni gumu kuliko kuazima, maana anayeazima tuni huitumia kwa shughuli yake, lakini anayeketi kutazama anakubali kwamba kazi ya mwenzake ina thamani hata kabla ya kuguswa na maneno ya dini. Katika historia yote ya suala hili Afrika Mashariki, ni vigumu kupata tendo la Kikristo lenye heshima zaidi kwa muziki wa watu.

Wapo ambao hawakukubali, na sababu zao zinastahili kusikilizwa. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda, ambao mizizi yake ni urafiki wa Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church tangu walipokutana Kampala mwaka 1929, uliwasha moto Gahini na ukafika Kenya na Bukoba kabla ya miaka ya 1930 kwisha. Wafuasi wake, walioitwa walokole, walitubu hadharani, walirudisha mali za wizi, walilipa madeni. Na waliikimbia ngoma. Kwao uwanja wa ngoma ulikuwa ni mtungi wa pombe, ugoni unaofuata usiku, mume anayerudi alfajiri na matusi, na mganga mwenye hirizi. Mwanamke aliyeokoka na mumewe akaokoka naye alipata nyumba yenye utulivu ambao hakuwahi kuujua. Ni vema wanaopenda ngoma wakumbuke hilo kabla ya kuwaita walokole washamba wa utamaduni.

Tena kuna shahidi mkubwa upande wao. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliungama katika kitabu cha kumi cha Maungamo kwamba utamu wa sauti ulimchukua kuliko maneno yaliyoimbwa, na akaona ni dhambi. Lakini Augustino alikuwa akizungumzia Zaburi. Hatari aliyoigundua ilikuwa ndani ya kanisa, katikati ya ibada, na hata hivyo aliamua kuimba kuendelee. Ukimfuata hadi mwisho, unaona kwamba kuhamisha redio kutoka kituo cha dansi kwenda kituo cha injili hakumalizi tatizo lake hata kidogo.

Historia ikawafanyia Wahaya wa Bukoba hiyohiyo jambo la kufurahisha. Mwaka 1966, Bernard Kyamanywa, Mhaya aliyekuwa akisomea uchungaji Makumira karibu na Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka, Mfurahini Haleluya, juu ya tuni ya Kihaya. Mwalimu wake Makumira alikuwa Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyewahimiza wanafunzi walete nyimbo za kwao badala ya kutafsiri za Ulaya peke yake. Mwenzake, Wilson Niwagila, akatunga Njoo Kwetu Roho Mwema. Olson alizikusanya, akazitafsiri, na leo Walutheri wa Marekani husherehekea ufufuko kwa tuni ya Wahaya bila kuhitaji kujua kwamba kizazi kimoja kabla, mlokole wa Bukoba angetoka nje ngoma ya Kihaya ikianza.

Ilibaki dansi. Ngoma ya kijijini ilipata watetezi miongoni mwa maaskofu na vyuoni, kwa kuwa ilionekana ni urithi wa mababu. Gitaa la umeme la Kariakoo halikupata askofu wa kulitetea. Lilikuwa la baa, la mshahara wa mwisho wa mwezi, na la usiku. Lakini mtu akiketi na nyimbo za miaka ya 1970 na 1980 za bendi za Sikinde na Msondo, au za Marijani Rajabu au Mbaraka Mwinshehe na kuyasikiliza maneno, atakutana na wajane wanaonyang'anywa mali, vijana wanaoshauriwa kuheshimu wazazi, wagonjwa wanaowashukuru waliowauguza, walevi wanaojuta. Muziki wa dansi wa Kiswahili ulijaa nasaha kiasi kwamba nyingine zingesomwa mimbarini bila kubadilishwa neno. Mungu hatajwi sana. Lakini hata katika Wimbo Ulio Bora hatajwi sana, na ni kitabu cha Biblia.

Remmy Ongala aliileta hoja hii hadi mwisho wake. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaingia Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Aliimba kuhusu wanyonge, na albamu aliyoirekodi Uingereza katika studio ya Real World mwaka 1989 iliitwa nyimbo kwa ajili ya mtu maskini. Katika wimbo wake Kifo, anakikabili kifo kama mtu anayekabili adui aliyemvunjia nyumba, anakihoji na kukilalamikia. Haharakishi faraja. Kwaya nyingi, zikiimba msibani, hufika mbinguni katika ubeti wa pili, na mfiwa hubaki na kilio chake peke yake. Ayubu hakufika upesi hivyo. Sura nzima ya tatu ya kitabu chake ni malalamiko, na Zaburi zimejaa vilio vya namna hiyo. Mkristo aliyefiwa anaweza kumsikiliza Ongala na akapata kitu ambacho Biblia inacho na kitabu chake cha nyimbo hakina.

Kusikiliza si kukubali kila kitu. Ongala huyohuyo aliimba Mambo kwa Soksi, akihimiza kondomu wakati ukimwi ulipokuwa ukimaliza watu, na Radio Tanzania, iliyokuwa redio pekee ya Tanzania Bara kwa wakati huo, haikuupiga. Wakatoliki wengi waliupinga wimbo huo na wangeupinga leo. Wanaweza kuupinga na bado wakatambua kwamba mtu huyu alikuwa akiwalilia watu wa Sinza na Manzese waliokuwa wakizikwa kila wiki, na kwamba kulia hivyo kwa ajili ya jirani si jambo la shetani.

Katika miaka yake ya mwisho, baada ya kuugua, Ongala aliokoka na kuimba nyimbo za injili hadi alipofariki 13 Desemba 2010. Cosmas Chidumule, mmoja wa sauti kubwa za Mlimani Park, yaani Sikinde, naye alihama dansi akawa mwimbaji wa injili. Hadithi za namna hii hupendwa sana makanisani, na husimuliwa kama kutoka gizani kwenda nuruni. Masikio yanasema jambo jingine pia: koo ni lilelile, na mwendo wa sauti uliofunzwa miaka mingi ukumbini ndio uliolisaidia neno la Mungu lipenye. Halikadhalika kwaya za mjini za leo. Zina kinanda, gitaa la solo na sebene iliyotoka moja kwa moja Kinshasa, na waumini wanacheza nayo hadi jasho linawatoka. Dansi imerudi kanisani kwa mlango wa mbele. Haiitwi kwa jina lake; hilo ndilo pekee linalokosekana.

Kenya ilikuwa na Joseph Kamaru, aliyezaliwa mwaka 1939, mwimbaji wa Kikuyu ambaye hakuogopa wakubwa. Mbunge J. M. Kariuki alipouawa mwaka 1975, Kamaru alimwimbia, na watu wakanunua rekodi ile kama wanaonunua ushahidi. Mwaka 1993 alitangaza ameokoka, akaivunja bendi yake, akaingia injili. Wengi wa wapenzi wake hawakumfuata huko. Miaka kadhaa baadaye alirudi kuimba nyimbo zake za zamani, na alilaumiwa kwa kurudi kama alivyolaumiwa kwa kuondoka. Pengine hakuwahi kuwa watu wawili. Mwimbaji aliyedai haki kwa ajili ya aliyeuawa na yule aliyemsifu Mungu aliye hakimu walikuwa na neno moja la kusema, na ni kanisa na baa, kila kimoja kwa upande wake, vilivyomtaka achague. Kamaru alifariki Oktoba 2018. Mjukuu wake, mwanamuziki wa sauti za kielektroniki anayejulikana kama KMRU, amekuwa akizitoa upya rekodi za babu yake.